Jibu Moja la Kijiji Kizima

Mtu akija kwako na maswali mara ya kwanza, unaweza kusema ni kazi yake, katumwa. Akirudi kuuliza yale yale, huyo ana lake jambo. Ndivyo Bi Esteri alivyowaza alipomwona yule binti wa chuo kikuu akishuka kwenye pikipiki chini ya mteremko, begi mgongoni, viatu vimejaa vumbi jekundu la Murusenyi. Esteri alikuwa uani anamenya mihogo ya kuloweka. Hakunyanyuka. Alichofanya ni kukisukuma kigoda cha wageni kwa mguu mpaka kikaingia ndani ya mlango, ili mgeni akifika akose pa kukaa.

"Hodi hapa."

"Karibu," alisema Esteri, kwa sauti ambayo mtu mwenye masikio angegeuka na kurudi alikotoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si ulishamaliza wewe? Tulikujibu mwezi wa tatu, ukaandika kwenye kishikwambi chako, ukashukuru, ukaenda zako. Umesahau nini?"

Binti huyo, Zena, hakukasirika. Alichutama, akachukua kisu cha pili na mhogo, akaanza kumenya. Alimenya vizuri, ganda likatoka jembamba. Esteri alimtazama vidole akawaza kwamba hata hilo lazima amefundishwa huko chuoni: ukifika vijijini, shika mhogo, watakupenda.

Murusenyi walikuwa na sababu zao. Miaka sita nyuma walikuja vijana wawili wapole, wakaomba kuonyeshwa shamba la kila mtu linapoanzia na linapoishia. Watu wakawatembeza, wakawakaangia karanga. Baada ya mavuno vikaja vigingi vya hifadhi ya msitu, vikapigwa katikati ya mihogo, na Esteri akapoteza nusu ya shamba aliloachiwa na marehemu mumewe. Tangu hapo kijiji kilijua kwamba swali la mgeni lina mkia, na mkia wenyewe huuoni mpaka mgeni amekwisha kuondoka.

Halafu ikaja sheria ndogo. Aliileta mtendaji wa kijiji, Castory, mtu aliyehamishiwa pale kutoka mkoa mwingine, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Sheria ilisema hivi: mwanamke akijifungulia nyumbani, mtoto hapewi kadi ya kliniki mpaka mama alete barua ya mtendaji, na barua haiandikwi mpaka mama huyo amefyatua matofali ya ofisi mpya ya kijiji siku kumi na nne, kichanga mgongoni. Mkunga aliyemzalisha, polisi. Nia ilikuwa njema, hata Esteri hakubishia hilo. Wanawake waende zahanati, wasife. Ila zahanati iko kilomita kumi na moja, ng'ambo ya mto unaofunga njia kila masika, na uchungu haungoji maji yapungue. Kwa hiyo wanawake hawakuacha kuzalia nyumbani. Waliacha kusema.

Na mkunga wao alikuwa Esteri. Iliposikika kwamba chuo kikuu kinaleta watu wa kuuliza habari za uzazi, ni yeye aliyewakusanya wanawake kisimani akawafundisha jibu moja, la kutosha wote: nilijifungulia zahanati, nilipelekwa na bodaboda ya Saady. Waliliimba jibu hilo mpaka likakaa. Saady mwenyewe aliambiwa, akakubali, akaomba tu wasimtaje kuwa aliendesha bila leseni.

"Bibi," alisema Zena, "katika miaka miwili hii nimepata wanawake arobaini na wawili waliojifungua hapa. Wote wamesema walipelekwa na Saady."

"Saady ni kijana mzuri."

"Wawili walijifungua siku moja, asubuhi moja, pande mbili za kijiji."

"Anaendesha kasi."

Zena alijizuia kucheka, ikamshinda, akacheka. Esteri hakucheka. "Daftari la zahanati lina majina kumi na moja tu kutoka Murusenyi," binti aliendelea.

"Basi waulize wa zahanati. Wao ndio wenye daftari."

"Tarehe ishirini tunasoma matokeo Kasulu, kwenye ukumbi wa chuo cha ualimu. Watakuja viongozi wa wilaya zote za huku. Nikisoma hivi mlivyonijibu..."

"Soma," alisema Esteri. "Tumekujibu, soma. Na sasa niache nipeleke mihogo yangu kisimani."

Katika maneno yote hayo yeye aliokota moja tu: viongozi. Tena asubuhi ile, kabla binti hajapanda mteremko, Esteri alikuwa amemwona kwa macho yake kibarazani kwa Castory, ana kikombe cha chai mkononi. Mtu anayekunywa chai ya mtendaji saa mbili, saa nne akaja kukuuliza nani anazalia wapi, unahitaji kuambiwa nini zaidi?

Binti alipoondoka, pazia la chumbani lilisogea. Evaline alitoka, mkono kiunoni. Alikuwa mke wa mtoto wa pekee wa Esteri, kijana aliyekwenda kutafuta dhahabu Geita na kupiga simu akikumbuka. Mimba ilikuwa ya miezi minane.

"Amekwenda?"

"Amekwenda. Lala hapa nikushike."

Evaline alijinyoosha mkekani. Esteri alipaka mafuta ya mawese viganjani, akaweka mikono juu ya tumbo, akafumba macho kama afanyavyo siku zote. Hapakuwa na haja ya kutafuta sana. Kichwa kilikuwa kushoto, matako kulia, mgongo umekaa juu. Mtoto alikuwa amelala kikingama, vilevile alivyomkuta wiki iliyopita na wiki ya kabla yake. Alijaribu tena kumgeuza taratibu. Mtoto alisogea kidogo, akarudi palepale.

Mtoto anayelala hivyo hatoki kwa mikono ya mkunga. Anatoka kwa kisu cha daktari, au hatoki, na mama yake anakwenda naye. Esteri alilijua hilo kama anavyojua jina lake, na lilimnyima kila lepe la usingizi.

"Tunakwenda Kibondo, hospitali," alisema. "Wiki hii."

"Siendi, mama."

"Evaline."

"Nikifika swali la kwanza ni hili: wa kwanza ulimzalia wapi, kadi yake iko wapi? Nestori ana miaka miwili, hajawahi kuiona kliniki. Nikisema kweli, wewe unafungwa. Nikidanganya, watanijua usoni. Wewe mwenyewe ulisema hospitali na mtendaji ni kitu kimoja, karatasi zao zinatembeleana."

Ni kweli alisema. Hofu ile hakuizaa Evaline. Alifundishwa na mama mkwe, neno kwa neno, na alikuwa mwanafunzi mzuri. Esteri alifuta mafuta mikononi akiwa na hasira, na hakujua amkasirikie nani, kwa hiyo alimkasirikia Zena. Kama si huyo na maswali yake, kijiji kingekuwa kimetulia. Ilikuwa lazima ajue binti huyo ni nani na ametumwa na nani. Siku ile ya kwanza alitaja kwao: Kasulu mjini, wazazi wauza vitenge karibu na stendi. Vizuri. Mtu anaweza kuficha kazi yake, lakini mama yake atamficha wapi?

Kesho yake Esteri alipanda basi la alfajiri, na saa tano alikuwa sokoni Kasulu, amejifunga kitambaa kipya, anauliza duka kwa duka kama mnunuzi. La tano ndilo. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja mnene, mtandio begani, maneno yake ya pwani yakiteleza kama maji. Jina lake Mwanaheri. Esteri alishika kitenge, akakikunja, akakikunjua, akauliza bei, akaguna, akauliza kama kinatoa rangi. Alipoona mwenzake amechangamka ndipo akatupa ndoano.

"Nasikia una binti mkubwa. Yuko serikalini?"

"Serikalini wapi, dada yangu! Yuko chuo kikuu, anasoma shahada ya pili, sijui mambo ya sera na maisha ya watu. Mwaka huu kanitia ugonjwa wa moyo. Kagombana na kila mtu. Mwalimu wake kamwambia, andika ulichojibiwa, tumalize. Yeye, hapana, nimedanganywa na kijiji kizima. Namwambia, mwanangu, umeuliza, wamekujibu; wakikudanganya dhambi ni yao. Hasikii. Karudi huko huko, hata nauli kaombea kwangu."

Esteri alikuwa angali anatafuta uongo ndani ya maneno hayo wakati mlango wa nyuma ulipofunguka na Zena akatoka na sahani ya wali.

"Bibi wa Murusenyi!"

"Nimekuja kununua kitenge," alisema Esteri.

Zena alimtazama, akatazama kitenge. Aliweka sahani mezani, akamnawisha Esteri mikono, wakala. Baada ya kula alileta karatasi ndefu yenye majina ya vijiji. Esteri hakusoma zaidi ya darasa la tatu, ila Murusenyi aliitambua, na mbele yake palikuwa na duara tupu. Sifuri aliijua.

"Hii nini?"

"Waliojifungulia nyumbani. Kwa majibu yenu, hakuna hata mmoja. Vijiji vingine vyote vina watu, ninyi hamna. Unajua ni nani aliyetuomba tufanye utafiti huu, bibi? Ni viongozi wenyewe. Wanataka kujua kama sheria ya Murusenyi inafanya kazi. Ikionekana inafanya kazi, mwezi wa saba inawekwa vijiji vyote. Mtendaji wenu ameshaalikwa kuja kuwafundisha wenzake."

Esteri aliishika karatasi mpaka ikakunjamana pembeni. Alidhani aibu ni kitu cha wasichana, kumbe mtu wa miaka sitini huweza kuona haya hadi akatokwa jasho dukani kwa watu. Sheria ile iliyowafyatulisha wanawake matofali ilikuwa inasifiwa kwa maneno yake yeye, aliyoyatunga kisimani akijiona mjanja. Alikuwa anasubiri kuona mkia wa swali la mgeni. Safari hii mkia ulikuwa kwenye jibu.

Hata hivyo hakuwa mtu wa kukubali haraka. "Na nikisema mimi, jina langu linakwenda wapi?"

"Haliendi popote. Siandiki jina. Kuna fomu ya ridhaa, unaweka dole gumba..."

"Oya, hapana! Dole gumba ni jina. Polisi wanalisoma."

"Basi hakuna dole. Ridhaa ya mdomo inatosha, nitaandika namba."

"Na chai ya Castory?"

Zena alishangaa, halafu akaelewa. "Bibi, hakuna mtafiti anayeruhusiwa kuingia kijijini bila kupiga mhuri kwa mtendaji. Nimekaa pale saa nzima nikisubiri mhuri. Chai ilikuwa haina hata sukari."

Hilo la sukari Esteri aliliamini. Castory alijulikana kwa hilo.

Siku mbili baadaye alimtembeza. Hakumpeleka kwa wanawake, maana wangemjibu kile kile walichofundishwa. Alimpeleka nyuma ya nyumba. Murusenyi, kondo la mtoto aliyezaliwa nyumbani huzikwa kwenye shina la mgomba, na mgomba huo mkungu wake hauuzwi wala haugawiwi jirani. Unaliwa na wa nyumba ile tu. Anayezaliwa zahanati, kondo lake hubaki huko huko, mgomba wake haupo. Esteri ndiye aliyechimba kila shimo, kwa mkono wake. Alipita uwanja kwa uwanja akisalimia watu kwa Kiha, mwidiwe, mwidiwe, akisema anamtafutia mgeni mbegu za migomba, na kila alipogusa shina Zena alichora mstari mmoja daftarini. Hakuandika jina. Esteri alikuwa akichungulia kila mara kuhakikisha.

"Huyu wa mwezi wa kumi. Huyu alitangulia miguu, akatoka salama. Huyu mtoto hakulia." Aligusa shina lingine. "Huyu naye hakulia."

Walipomaliza, mistari ilikuwa thelathini na miwili. Zena alihesabu tena. "Bibi, arobaini na wawili kutoa kumi na mmoja, ilitakiwa thelathini na mmoja."

"Wa thelathini na mbili hakuwepo kukujibu," alisema Esteri.

Walikuwa wamesimama kwenye mgomba wa mwisho, mkungu wake umeiva na kuanza kuliwa na ndege. Pale paliishi Philomena, mtoto wa dada yake. Damu ilimtoka siku ya masika, mto umejaa, na wanaume wanne walikuwa tayari kumbeba kwenye machela wapite daraja la huko juu mtoni. Mumewe alikataa. Alisema wakifika watauliza, na Mama Esteri atafungwa. Esteri alikuwepo, na hakusema wampeleke. Hilo ndilo lililomla: hakusema. Castory aliambiwa amekufa kwa malaria, akaandika malaria kwa kalamu ya bluu.

Zena alichora mstari ule wa mwisho peke yake, chini ya mingine.

Tarehe ishirini Esteri alikwenda tena Kasulu. Usidhani alikwenda kushangilia. Alikwenda kumkamata. Alitaka asikie kwa masikio yake kama binti atataja jina lake mbele ya wakubwa, na kama angelitaja, Esteri alikuwa ameshapanga la kumwambia mama yake. Alikaa kiti cha nyuma kabisa ukumbini. Castory alikuwa safu ya mbele, shati limenyooka, makaratasi yake tayari magotini.

Zena alisoma. Ukutani zilitokea namba: Murusenyi, nyumbani thelathini na mbili, watoto wawili hawakuishi, mama mmoja amefariki. Alieleza kwamba sheria haikupunguza uzazi wa nyumbani, iliuficha tu. Na kwamba mwanamke aliyeogopa kuulizwa hakupelekwa hospitali hata pale jamaa zake walipokuwa tayari kumbeba. Ukumbi ulinong'ona. Castory alisimama kabla hajakaribishwa.

"Waheshimiwa, mimi naishi pale. Mwezi wa tatu huyu huyu alipata sifuri. Leo thelathini na mbili. Zimetoka wapi? Kama wapo watu waliosema, watajwe."

Mwenyekiti wa kikao alimgeukia Zena. "Mtafiti, swali ni la msingi. Nani kakupa hizi?"

"Samahani, mheshimiwa. Niliahidi sitasema."

"Hata kwetu?"

"Hata kwenu."

"Basi tutajuaje kwamba hukukaa mezani ukazibuni?"

Mwalimu wa Zena, aliyekaa kando, alianza kueleza habari za taratibu na maadili, lakini mtu mmoja alishacheka na wengine walikuwa wanafunga madaftari. Zena alisimama palepale, mikono nyuma, midomo imebanwa. Esteri alimtazama kwa makini, akisubiri. Neno moja tu lingemwokoa binti yule, na mwenye neno hilo alikuwa amekaa safu ya mwisho, wanaonana macho kwa macho. Zena alihamisha macho yake, akatazama ukuta.

Miaka sita Esteri hakuwa amemwamini mtu aliyebeba karatasi. Alisikia magoti yake yakinyooka yenyewe.

"Ni mimi," alisema. "Nimewazalisha wote. Na lile jibu la mwezi wa tatu nililitunga mimi, wanawake walinitii tu. Kama kuna wa kufungwa, nipo hapa, msimsumbue mtoto wa watu."

Hakuna aliyecheka tena. Daktari wa wilaya, Longinus, mzaliwa wa Bukoba na mtu wa maneno machache, ndiye aliyeuliza maswali, na hakuuliza habari za polisi. Aliuliza damu ilianza saa ngapi. Aliuliza daraja la juu liko umbali gani. Aliuliza kama kungekuwa na nyumba karibu na zahanati, mjamzito akakaa hapo wiki mbili za mwisho, yeye Esteri angekubali kumsindikiza. Esteri alijibu yote. Mwisho mwenyekiti alisema sheria ya Murusenyi isimame siku ile ile, isipelekwe kijiji kingine, na mapendekezo ya chuo kikuu yaletwe kwenye kikao kijacho. Nyumba ya kusubiria ilikuja kujengwa kwa vikao vinne na malumbano mengi. Kwa siku ile, kusimama kulitosha. Castory alikuwa anaandika, kichwa chini, na kwa mara ya kwanza Esteri alimwona ni kijana tu, aliyetaka sana kusifiwa.

"Mama," alisema daktari watu walipokuwa wakitoka, "saa hizi kuna mwenye mimba mbaya huko kwenu?"

Esteri alikaza fundo la kitambaa chake. Kusema habari za waliozaa ni jambo moja. Huyu alikuwa hai, na alikuwa wake.

"Yupo," alisema. "Nyumbani kwangu. Mtoto amelala kikingama."

Daktari alitazama saa. "Narudi Kibondo sasa hivi. Panda gari."

Saa tisa alasiri gari jeupe la hospitali lilipanda mteremko wa Murusenyi, Esteri kiti cha mbele. Nestori alilikimbilia. Evaline, aliyekuwa akianua mihogo, aliinua macho, akaona gari la serikali, akaona mama mkwe wake ndani kati ya wanaume wawili, na akakimbia. Alikimbia na tumbo lake la karibu miezi tisa, akajitosa katika shamba la mihogo, majani yakafunga nyuma yake.

"Msishuke," Esteri aliwaambia wale wanaume. Aliingia shambani peke yake.

Alimkuta amepiga magoti karibu na kigingi cha hifadhi, anahema, uso umeloa jasho.

"Wamekukamata," alisema Evaline. "Umewaleta kwangu."

"Hawajanikamata. Nimewaleta, ndiyo."

"Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu. Waliuliza, nikasema."

Evaline alimtazama kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa. Halafu tumbo lilimkaza, akauma mkono wake mwenyewe asipige kelele. Esteri alikaa chini kwenye udongo. Alitamani kumwambia usiogope, lakini alijua neno hilo halina maana likitoka kinywani mwake. Ni yeye aliyemtia woga huo.

"Nilikosea," alisema. "Nilikufundisha kuogopa, na woga ule ule ulimuua Philomena, nami nimesimama hapo namtazama. Sijui utaulizwa nini. Ukiulizwa, sema ilivyokuwa. Likija la kuja, linanikuta mimi kwanza."

Ilichukua muda. Dereva alipiga honi mara mbili, daktari akamkemea, wakamsikia akimkemea. Tumbo lilipokaza mara ya tatu Evaline alinyoosha mkono, na wakatoka wawili katika mihogo, mmoja akimwegemea mwenzake.

Mtoto alitolewa kwa operesheni Kibondo kabla jua halijazama, msichana, kilo tatu kasoro, na kilio chake kilisikika hadi kwenye benchi la nje. Asubuhi muuguzi alikuja na jalada kitandani kwa Evaline, akavuta kiti, akabonyeza kalamu. Esteri alisimama upande wa kichwani.

"Uzao wa pili?"

"Ndiyo."

"Wa kwanza ulimzalia wapi?"

Evaline alimtazama mama mkwe wake. Kisha akamtazama muuguzi. "Nyumbani. Huyu ndiye aliyenizalisha."

Muuguzi aliandika. "Kadi yake ya kliniki?"

"Hana."

Kalamu ilisimama. Esteri alishika chuma cha kitanda.

"Mlete Jumatatu tumfungulie," alisema muuguzi, akafunua ukurasa mwingine, akauliza kama mama amekwisha kupata choo.

Ndiyo hivyo tu. Esteri alitoka nje akakaa kwenye benchi. Alitegemea furaha, na furaha ilikuwepo, lakini iliyotangulia kumfika ilikuwa hasira, kubwa kuliko yoyote aliyowahi kuwa nayo kwa Castory au kwa wenye vigingi: kwamba swali lile, lililomzika Philomena, jibu lake lilikuwa mlete Jumatatu, basi. Alilia kwa sauti, mbele ya watu, na hakujali nani anamwona.